Mgahawa kama Darasa: Historia ya Kula na Kusema Kiswahili Rumonge na Mwambao wa Burundi

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha historia ya kuenea kwa lugha yetu, aghalabu hutaja mambo matano: misafara ya biashara, dini, utawala wa kikoloni, shule na redio. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini imesahau jambo moja. Mchukuzi, askari, baharia, mkimbizi na mwanafunzi wote walilazimika kula kila siku. Aliyekuwa mbali na kwao alikula chakula kilichopikwa na mtu asiyemjua, na akakiomba kwa lugha ambayo mpishi aliielewa. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, lugha hiyo mara nyingi ilikuwa Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya migahawa midogo ya mitaani ya Rumonge na mwambao huo, na nafasi yake katika maisha ya Kiswahili. Suala hili si la wapenda chakula peke yao. Linatuhusu sisi walimu kila tunapokaa na kalamu nyekundu. Mwanafunzi wa Rumonge akiandika katika insha yake, "Mama anapika ndagala kwa mawese na isombe," je, tumsahihishe aandike "dagaa" na "kisamvu"? Tukimsahihisha, tunasahihisha kosa gani hasa? Ili tulijibu swali hilo inatupasa kujua maneno hayo yametoka wapi na yamepita mikono ya nani.

Majina ya mahali pa kulia

Tuanze na jina. Neno mgahawa lina undugu na neno kahawa, na asili yake ni Kiarabu. Hapo mwanzo lilimaanisha nyumba ya kunywea kahawa, si ya kulia wali na samaki. Katika Kenya na Tanzania watu wengi husema hoteli wakikusudia mahali pa kula, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Tanzania imewapa wanawake wanaouza chakula kando ya barabara jina la mama ntilie, kutokana na ombi la mteja anayetaka atiliwe chakula katika sahani. Baadaye likaja jina la heshima zaidi, mama lishe. Nchini Kongo mahali pa kula kwa bei nafuu huitwa malewa. Nchini Burundi utasikia restora, kutokana na Kifaransa, na pia kabare, ambapo watu hufuata zaidi kinywaji na nyama ya kuchoma.

Rumonge iko zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara kuu ya RN3 inayofuata ziwa kuelekea Nyanza-Lac. Kwa muda mrefu ilikuwa komine ya mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 ikafanywa makao ya mkoa wake yenyewe, na katika mgawanyo mpya wa mikoa mitano ulioanza kutumika 2025 imo katika mkoa wa Burunga. Ni mji wa bandari, wa soko, wa michikichi na wa misikiti. Katika mji wa namna hiyo wapita njia ni wengi, na penye wapita njia hapakosi mtu wa kuwapikia. Mgahawa wa kawaida hauhitaji mengi: paa la mabati, mabenchi mawili matatu, jagi la maji ya kunawa na sufuria kubwa ya maharage. Asubuhi kuna chai, chapati na mandazi. Mchana kuna ugali wa muhogo, wali, ndizi, maharage, isombe na ndagala. Jioni huja zamu ya mukeke wa kuchoma au wa kukaanga, pamoja na ndizi na pilipili.

Kabla ya mgahawa

Desturi ya kula mbele ya watu usiowajua haikuwa ya kawaida katika nchi yote. Milimani, ndani ya Burundi, mtu mzima mwenye heshima alikula nyumbani kwake, mbali na macho ya wapita njia. Kilichoshirikiwa hadharani ni pombe, ya ndizi au ya mtama, ambayo ilinywewa kwa mirija kutoka katika chungu kimoja. Adabu hiyo imeacha alama katika lugha. Kirundi kina kitenzi kurya, ndugu wa kula katika Kiswahili, lakini mgeni au mkubwa hukaribishwa kwa kitenzi cha heshima, gufungura, na chakula chenyewe huitwa imfungurwa. Tena wafugaji wengi wa milimani hawakuwa na mazoea ya kula samaki. Kwao chakula cha heshima kilihusu ng'ombe.

Hivyo basi, mtu aliyeshuka kutoka milimani hadi ziwani alikutana na mambo mawili mageni kwa pamoja. Alikuta samaki katika sahani, na akakuta watu wakila wazi, mgeni bega kwa bega na mgeni. Mazoea hayo yalikuja kwa njia ya maji na kwa njia ya misafara.

Posho, shanga na chumvi

Katika karne ya 19 soko kuu la upande wa mashariki wa ziwa lilikuwa Ujiji. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, kisha wakapanda mitumbwi kuelekea Uvira wakifuata mwambao wa Burundi kwa sehemu ya safari yao. Novemba 1871 Livingstone na Stanley nao walipita kwa mitumbwi hadi kaskazini mwa ziwa. Jiwe la kumbukumbu lililoko Mugere, kusini mwa Bujumbura, limeandikwa tarehe 25 Novemba ya mwaka huo. Wasafiri hao walikuta biashara iliyokuwa imekwisha kukomaa. Samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, nafaka na watumwa walibadilishana mikono, na shanga zilitumika kama fedha.

Mchukuzi wa msafara hakupikiwa na mkewe. Alipewa posho, yaani sehemu yake ya chakula, au shanga na nguo za kununulia chakula njiani. Neno hili linafaa kufundishwa darasani kwa sababu ya safari yake. Katika Tanzania posho imekuwa malipo anayopewa mtu akiwa kazini nje ya kituo chake au akihudhuria kikao. Nchini Uganda neno hilohilo limekuwa jina la chakula chenyewe, ugali wa mahindi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala anayekula posho na ofisa wa Dodoma anayesaini posho wanatumia neno moja lililopitia mikononi mwa wapagazi.

Rumonge yenyewe iliingia katika maandishi ya Wazungu mapema. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifungua kituo huko mwaka 1879. Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa hapo na kituo kikafungwa. Wakati huohuo wafanyabiashara wa Ujiji, wakiongozwa na Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walijaribu kupenya Burundi. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wasiingie ndani ya nchi. Matokeo yake kwa lugha yalikuwa makubwa. Kiswahili kilibaki ziwani na Kirundi kikabaki milimani, na mpaka kati ya lugha hizo ukafanana kwa kiasi fulani na mpaka kati ya samaki na maziwa.

Hela ya Wajerumani na meza ya mjini

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, katika miaka ya 1890. Walikuja na askari, makarani na watumishi waliozungumza Kiswahili, nao walikitumia katika utawala wao wote wa Afrika Mashariki. Askari na karani walihitaji kula, na sasa walikuwa na sarafu mfukoni. Mwaka 1904 Wajerumani walileta sarafu ndogo iliyoitwa Heller, mia moja kwa rupia moja. Neno hilo likawa hela katika Kiswahili. Katika Kirundi likawa amahera, na mpaka leo ndilo neno la kawaida la fedha. Mrundi anayelipia chakula chake kwa faranga bado anasema amahera, miaka zaidi ya mia moja baada ya Mjerumani kuondoka.

Tazama pia vyombo vya mezani. Kirundi kina imeza, isahani na isafuriya. Meza ni ya Kireno, sahani na sufuria ni za Kiarabu, na zote zilifika milimani zikiwa zimekwisha kuvaa nguo za Kiswahili. Kirundi hakikukosa maneno ya chungu wala ya kikapu cha kuwekea ugali. Kilichokuja na maneno hayo mapya ni namna nyingine ya kula: chombo cha chuma, sahani ya kila mtu na meza ya kukalia.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliiteka Burundi mwaka 1916, lakini biashara yake iliendelea kutazama Kigoma na Dar es Salaam. Kwa mkataba wa 1921 Ubelgiji ilipewa maeneo yake maalumu katika bandari hizo mbili. Meli ya Liemba, iliyoanza kuhudumu kwa jina hilo mwaka 1927 baada ya kuinuliwa kutoka majini, ilisafirisha watu na mizigo ziwani kwa miongo mingi. Mabaharia, makuli na wachuuzi wa Kigoma, Bujumbura, Rumonge, Uvira na Kalemie walikula katika vibanda vilivyofanana, na waliagiza chakula kwa lugha iliyofanana.

Mjini Bujumbura wasemaji wa Kiswahili walijikusanya zaidi Buyenzi, mtaa ambao hadi leo unajulikana kwa Kiswahili, misikiti na mafundi wa magari. Hata hivyo heshima haikufuata lugha. Shule za misheni zilitumia Kirundi na Kifaransa. Kwa watu wengi wa bara jina Umuswahili likaja kumaanisha mtu mjanja, asiyeaminika, mtu wa mjini asiye na ukoo. Mtoto aliyeongea Kiswahili nyumbani alijifunza kukificha shuleni. Ni katika hali hiyo mgahawa ulipopata umuhimu wake. Palikuwa mahali ambapo Kiswahili hakikuhitaji kujitetea, kwa kuwa kilikuwa na kazi ya kufanya: kuuliza bei, kuomba chumvi, kukopa na kuahidi kulipa.

Samaki wa usiku na daftari la madeni

Chakula cha mwambao hutegemea samaki wa aina mbili zaidi ya wengine wote. Wa kwanza ni wale wadogo waitwao ndagala, na wa pili ni mukeke, ambaye huwala hao wadogo. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta juu, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walianzisha uvuvi wa kibiashara kwa nyavu kubwa upande wa Burundi, na muda si mrefu wavuvi wadogo wakaanza kutumia mitumbwi miwili iliyounganishwa pamoja. Baadaye yakaja makubwa zaidi yenye taa nyingi, yaliyoitwa Apollo.

Kwa kuwa uvuvi huu hutegemea giza, mbalamwezi huuharibu. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, na wavuvi hupumzika. Ndiyo maana biashara ya chakula bandarini hufuata mwezi. Siku za giza mvuvi ana fedha. Siku za mbalamwezi anakula kwa mkopo, na jina lake huandikwa katika daftari la mama mwenye mgahawa. Uhusiano kati ya mvuvi na mpishi wake basi si wa siku moja. Unahitaji lugha ya kubembeleza, ya kukumbushana deni na ya kutaniana. Kiswahili cha vitabuni kina maneno mengi ya uchumi, lakini mwanafunzi anayetaka kujua jinsi ya kudai deni bila kumpoteza mteja atajifunza mengi zaidi katika kibanda kama hicho.

Nyuma ya mgahawa kuna kazi nyingine ambayo haionekani mezani, nayo ni kukausha samaki. Kwa muda mrefu ndagala walianikwa juu ya mchanga, wakachanganyika na vumbi na kuharibika mvua iliponyesha. Mradi wa FAO ulioanza mwaka 2004 katika eneo la Nyanza-Lac, mathalani Mvugo, uliwafundisha wakaushaji, wengi wao wanawake, kutumia chanja za waya zilizoinuliwa kutoka ardhini. Neno chanja limo katika kamusi zetu, lakini wanafunzi wengi wa mjini hawajawahi kuiona.

Sahani moja, majina mengi

Sasa tuirudie insha ya mwanafunzi wetu. Samaki anayeitwa ndagala Burundi huitwa dagaa Kigoma, na Zambia huitwa kapenta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aina mojawapo ya samaki hao ilipandikizwa katika Ziwa Kivu, na huko ikaitwa sambaza. Katika miaka ya 1960 ilipelekwa pia Ziwa Kariba, na huko ikafuatwa na jina la kapenta. Neno dagaa lenyewe katika pwani ya Bahari ya Hindi hutaja samaki wengine wadogo, na katika Ziwa Viktoria hutaja wengine tena. Hivyo mwalimu anayebadilisha ndagala kuwa dagaa kwa nia ya kuongeza usahihi, kwa hakika anaupunguza. Ndagala ni samaki wa ziwa fulani. Dagaa ni samaki yeyote mdogo kwa mujibu wa mahali ulipo.

Mukeke ni vivyo hivyo. Kigoma huitwa mgebuka, na wingi wake ni migebuka. Wanasayansi humwita Lates stappersii. Ni wa jamii moja na sangala wa Tanganyika, na pia na sangara wa Ziwa Viktoria, lakini sangala na sangara hao si samaki mmoja ingawa majina yao yanakaribiana. Mwanafunzi akijifunza hilo amejifunza sarufi, jiografia na biolojia kwa sahani moja. Kuhe, samaki mwingine mkubwa wa ziwa hilo, ana bahati zaidi: jina lake linaeleweka Burundi na Kigoma pia.

Mboga zina hadithi kama hiyo. Majani ya muhogo ni kisamvu Tanzania, sombe Kongo na isombe Burundi. Mchicha wa Tanzania ni lengalenga kwa watu wa Kongo na Burundi. Mafuta ya michikichi ni mawese katika Kiswahili na amamesa katika Kirundi, maneno mawili ambayo hata sikio lisilozoea husikia undugu wake. Viazi vilivyokaangwa ni chipsi kwa aliyetawaliwa na Mwingereza na firiti kwa aliyetawaliwa na Mbelgiji. Mishikaki ya Dar es Salaam hugeuka brosheti ukivuka mpaka. Meza moja ya Rumonge inaweza kubeba athari za Kiarabu, Kireno, Kijerumani, Kifaransa, Kihindi na Kirundi, na bado mazungumzo yakawa ya Kiswahili.

Waliokimbia na waliorudi

Historia hii haiwezi kuelezwa kwa uaminifu bila kutaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulianza kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kushambuliwa, na watu wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilijibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima, ambayo Warundi huyaita Ikiza. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Watu wa mwambao walikimbilia Tanzania na Kongo, wengine kwa mitumbwi. Nyumba na mashamba yao yalichukuliwa na wengine, na sehemu ya ardhi hiyo ikaingizwa katika miradi ya michikichi.

Waliofika Tanzania wengi waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili, wakahesabu kwa Kiswahili, na wengi wakakua bila kuiona Burundi. Kuanzia 2008 makumi ya maelfu walirudi. Wengine zaidi ya 160,000 walichagua kubaki na wakapewa uraia wa Tanzania. Waliorudi Rumonge na Nyanza-Lac walikuta watu wengine juu ya ardhi ya wazazi wao, na mashauri ya ardhi yakaendelea kwa miaka. Watoto wao walikuta shule zinazofundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani Katumba alijikuta hajui kusoma ubao.

Kwa watu hao Kiswahili kilikuwa lugha ya elimu yao yote, lakini katika nchi yao kilihesabiwa kuwa lugha ya sokoni. Mahali pa kwanza ambapo ujuzi wao ulikuwa na thamani palikuwa palepale sokoni na bandarini. Asiye na ardhi anaweza kuuza chapati. Anayejua Kiswahili vizuri anaweza kumhudumia mfanyabiashara wa Kigoma na baharia wa Kalemie. Mgahawa haukuwarudishia mashamba, na tusiupambe kwa kusema hivyo. Uliwapa tu mahali ambapo hawakuonekana wajinga.

Safari za namna hiyo hazikukoma. Mei 2015, baada ya machafuko ya kisiasa Burundi, makumi ya maelfu walivuka hadi kijiji cha Kagunga upande wa Tanzania, na Liemba ikatumika kuwapeleka Kigoma. Januari 2018 maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano katika Kivu Kusini walivuka ziwa hadi mwambao wa Burundi. Kila wimbi la wakimbizi lilikuja na Kiswahili chake, na watu wakakutana tena mbele ya sufuria.

Ziwa lenyewe

Jambo jingine la kuhofia ni ziwa. Burundi inamiliki takribani asilimia 8 tu ya Ziwa Tanganyika, na watu wanaolitegemea ni wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza uzalishaji wa chakula cha samaki ndani ya maji. Nchi zinazopakana na ziwa zimeanza kukubaliana kulipumzisha. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aidha, tangu 2020 maji yamepanda mara kadhaa na kufunika nyumba za mwambao, Rumonge ikiwa mojawapo ya sehemu zilizoathirika. Vibanda vya kulia chakula, ambavyo kwa kawaida hujengwa karibu kabisa na maji na kwa vifaa duni, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondoka. Kibanda kikiondoka, maneno yake hubaki bila mahali pa kutumika.

Nini wajibu wetu?

Katika miaka ya 2000 Kiswahili kiliingia katika ratiba ya shule za msingi za Burundi. Julai 2007 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ya lugha ya 2014 iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili hakikupewa nafasi hiyo. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Kwa hiyo lugha iliyofichwa shuleni sasa inafundishwa shuleni. Hilo ni jambo la kushangilia, lakini lina hatari yake. Kiswahili kinaweza kurudi Rumonge kama mgeni kutoka vitabuni, kikamwambia mwenyeji kwamba Kiswahili cha mama yake mpishi si Kiswahili. Mtoto aliyeitwa Umuswahili kwa dharau jana, leo aambiwe hata huo Uswahili hana! Huo utakuwa uonevu wa mara ya pili.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maneno ya vyakula na vyombo vya mahali yasihesabiwe kuwa makosa. Mwalimu aandike pembeni jina la pili na mahali linapotumika, na mwanafunzi ajue yote mawili. Ni kweli kwamba mtihani unahitaji lugha sanifu, na hatuwezi kumdanganya mwanafunzi kuhusu hilo. Lakini usanifu unahusu zaidi sarufi na maandishi, na haukukusudiwa kuwanyima samaki majina yao. Pili, wanafunzi watumwe migahawani na daftari. Kila mmoja alete maneno kumi pamoja na sentensi alizozisikia, aeleze nani alizisema na kwa nani. Tatu, watunzi wa vitabu vya kiada waongeze somo la kuagiza chakula ambalo halifanyiki Nairobi wala Dar es Salaam. Mazungumzo ya Rumonge, ya Uvira au ya Kigoma yatawafunza wanafunzi kwamba lugha hii ina pwani mbili, ya bahari na ya ziwa.

Jibu letu kwa swali la mwanzo basi ni hili. Katika sentensi "Mama anapika ndagala kwa mawese na isombe" hakuna kosa la kusahihishwa. Ngeli zake ziko sawa na kitenzi chake kiko sawa. Ndani yake mna ziwa, mna msafara wa Ujiji na mna mtu aliyekimbia na mtu aliyerudi. Mpe mwanafunzi alama zake, kisha umwulize mama yake anauza wapi.

Wasomaji wa mwambao wote, kuanzia Bujumbura hadi Mpulungu, tunawakaribisha mtuletee maneno ya mezani ya kwenu pamoja na maelezo mafupi. Tutayachapisha katika matoleo yajayo.